Alisema Mlaze

Wifi yangu ni sista wa wodi ya watoto, na kama umewahi kuuguza mtoto hospitali yetu basi unamfahamu hata kama hukumbuki sura. Ni yule mfupi mwenye viatu vyeupe visivyotoa sauti, ambaye kabla hajamwekea mtoto kifuani kile kifaa cha kusikilizia moyo hukifumbata kwanza kiganjani mpaka kipate joto. Wanamwita Sista Pole. Akichoma sindano, pole. Akibandua plasta, pole. Siku moja alijigonga kwenye kitanda cha chuma akakiambia kitanda pole, na wenzake wakamcheka wiki nzima.

Ni mke wa kaka yangu. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kusikika kwenye simu kuliko kuonekana, kwa hiyo binti yao tumemlea wawili, wifi na mimi. Nyumba zetu zinapakana ukuta. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na mtoto akitoka shule hunipitia kwanza. Anatupa mkoba chini ya meza ya kukatia, anaomba maji, ananisimulia waliogombana darasani, ndipo anakwenda kwao. Mungu hakunijalia wa tumboni mwangu. Alinijalia huyu wa kuniita shangazi, na nimeridhika.

Haya nitakayoyasema yalimpata wifi, na yeye mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Sema tu, wifi. Labda kuna mama mwenzangu sasa hivi yuko pembeni ya uwanja anajitia wazimu." Nami nimesali kwanza ndipo nikaanza.

Binti anacheza mpira wa miguu, timu ya wasichana wadogo wa mtaani kwetu. Kocha wao siku za kazi ni mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mikono yake imejaa alama za cheche, lakini sauti yake ni ndogo mpaka watoto hulazimika kumsogelea ili wamsikie. Yeye ndiye aliyempa binti jina la Gundi, kwa sababu akipangiwa kumkaba mtu anamganda mpaka filimbi ya mwisho. Wifi alilipenda jina hilo kuliko lile alilompa mwenyewe alipomzaa.

Mimi sikuwa mtu wa viwanjani. Jumamosi ndiyo siku yangu ya wateja. Lakini Gundi akanibembeleza.

"Shangazi, wenzangu wanakuja na ukoo mzima. Mimi nina mama tu."

"Na mama hatoshi?"

Akacheka kidogo, akatazama chini. "Anatosha. Anazidi."

Sikuelewa. Nikaifunika cherehani, nikaenda.

Uwanja wenyewe ni wa udongo, mistari imechorwa kwa chokaa, na pembeni kocha amefunga kamba kwenye vigingi. Kabla ya mechi alisimama mbele yetu, kofia mkononi.

"Wazazi wangu, naomba tukae nyuma ya kamba. Tupige makofi, tushangilie. Maelekezo niachieni mimi. Hawa ni watoto. Wakielekezwa na kila mtu wanachanganyikiwa."

"Sawa, kocha!" wakaitikia wote, watu wazima wenye adabu zao.

Filimbi ilipolia, kamba ikabaki nyuma yao. Baba mmoja muuza spea za magari akaanza kumfokea refa, dada wa watu anayefundisha shule ya jirani. Mama mwingine akawa anamtukania binti yake miguu, miguu aliyomzaa nayo mwenyewe. Halafu nikasikia sauti nyingine. Nilidhani kuna ajali barabarani. Nikageuka kutafuta gari lililogonga, nikamwona wifi.

"Gundi! Umelala? Unakimbia kama umebeba ndoo kichwani! Huyo anakucheka, humwoni anakucheka? Mfuate! Ukifungwa leo usiniite mama!"

Jamani. Mshipa wa shingo umemsimama, mkoba unapigapiga mgongoni, viatu vyeupe vimejaa vumbi. Nilisimama pale na kikapu changu cha maji ya kunywa, mdomo wazi.

"Leo King'ora kaja na betri mpya," muuza spea akamwambia jirani yake.

"Nyamaza, atakusikia."

"Atasikilia wapi, na yeye ndiye anayepiga?"

Nikamuuliza, "King'ora ndio nani?"

Akanitazama, akatazama kilemba changu, nadhani akaona ni kitambaa kimoja na cha wifi. "Kumbe ni mtu wako? Samahani, dada. Ni utani wa watoto tu. Hata wa timu nyingine wanamwita hivyo."

Wakati wa mapumziko nilimpelekea maji. Nikamwambia, "Wifi, koo litakupasuka." Akacheka, akanishika bega, akawa tena yule ninayemjua. "Wifi, mpira ndivyo ulivyo. Wasiposukumwa hawaendi. Ukiniona hapa usinihesabie yule wa wodini." Na hapohapo akamfuta mtoto jasho kwa upole, akamfunga kamba za viatu, akamwambia pole.

Lakini nilikuwa nimeona jambo moja. Gundi, kila kabla hajaugusa mpira, alimtazama mama yake. Wenzake walitazama mpira, au kocha, au lango. Yeye mama kwanza.

Neno ambalo wifi alilipenda kuliko yote ni "mlaze." Wapenzi wa mpira wanalijua. Kumlaza mwenzako ni kumdanganya kwa mguu, anaangukia huku, wewe unapita kule na mpira wako. Basi wifi alikuwa analipiga neno hilo kama kengele. Gundi akipata mpira, "Mlaze!" Akimkaba mtu, "Mlaze!" Mpira ukiwa hata haupo upande wao, "Mlaze!" Kocha alimfuata mara mbili, kwa heshima zote, akamwambia, "Sista, neno hilo watoto hawalichuji." Akajibu, "Sawa, kocha." Kisha akaendelea.

Sasa ikaja mechi na wale wa jezi za kijani.

Walikuwa na kasichana kadogo, kembamba, kenye mbio za ajabu, mtoto wa msusi mmoja mwenye saluni karibu na stendi. Mama yake alikuwa amekaa nyuma ya kamba kwenye kigoda, ametulia, mtoto akigusa mpira anapiga makofi mawili na kunyamaza. Gundi ndiye aliyepangiwa kumkaba. Kipindi cha kwanza akamganda vizuri. Cha pili akachoka, naye wifi akazidi kupanda.

"Anakupita! Anakupita huyo! Wewe ni Gundi au uji?"

Watu wakacheka. Nilimwona Gundi uso unambadilika.

Ndipo yule mdogo akapata mpira katikati, akachomoka. Mbele yake golikipa peke yake, nyuma yake Gundi anahema. Na wifi akakimbia sambamba nao kwenye mstari wa chokaa, mkono juu.

"Mlaze! Mlaze chini! Mlaze huyo!"

Mpira hakuwa nao Gundi. Alikuwa nao mwenzake. Hapo hapakuwa na wa kudanganywa kwa mguu. Gundi akageuza kichwa akamtazama mama yake, nasema niliona kwa macho yangu, kisha akaurusha mguu kutoka nyuma kwa nguvu zake zote.

Nilisikia mlio. Sitaufananisha na kitu, maana sitaki nikisikia kitu hicho tena niukumbuke.

Kasichana kamelala kwenye vumbi, mguu wake umekaa vibaya chini ya goti, na hakalii bado, kanatazama tu mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kilio kikaja baadaye.

Wifi ndiye aliyefika wa kwanza. Alitupa mkoba, akapiga magoti, mikono tayari ni mikono ya wodini. "Pole, mwanangu, pole, nitazame mimi, usitazame huko..."

Mtoto akapiga yowe. "Sitaki huyu! Mtoeni! Ni King'ora! Mtoeni!"

Akawa anajivuta kinyumenyume kwa viwiko, na mguu ule uliovunjika unaburuzika, ili tu asishikwe na wifi. Watoto wa wodi nzima hulilia mikono ile. Huyu alikuwa radhi aumie zaidi kuliko kuguswa nayo. Ikabidi wifi arudi nyuma, asimame mbali, amwelekeze kocha na refa la kufanya: vueni vile vibao vya plastiki vya kukingia ugoko, wekeni kimoja huku kingine huku, fungeni kwa kilemba. Kilemba chenyewe nilivua mimi. Sauti yake ilikuwa imegeuka nyembamba, mpaka kocha akawa anamwuliza, "Unasemaje, sista?"

Msusi alikuwa amekishika kichwa cha mwanawe mapajani. Akainua macho kwa Gundi, aliyesimama pale mikono imening'inia.

"Mtoto gani wewe? Mtoto gani ana roho kama hiyo? Mwenzako kakukosea nini?"

Gundi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama alisema nimlaze."

Kila mtu akamgeukia wifi. Na wifi, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata kwa mgeni asiyetaka kumpokea, akafungua mdomo akasema:

"Mimi? Mimi nilisema ulaze. Ulaze! Mpira. Ulaze mpira chini. Sikusema mlaze."

Herufi moja hiyo. Mpira ni ulaze, mtu ni mlaze. Kila anayezungumza lugha yetu anajua, na kila aliyekuwa uwanjani alikuwa na masikio.

Msusi akasema polepole, "Basi mwanao ama hasikii, ama ana roho mbaya. Chagua."

Na wifi akachagua. "Hakusikia vizuri," akasema. "Makelele yalikuwa mengi."

Gundi alimtazama mama yake. Nilingoja alie, nilingoja abishe. Hakufanya hata kimoja. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Labda nilisikia vibaya."

Refa akampa kadi nyekundu, akaipokea kama mtu aliyepewa kalamu. Wazazi wa kijani wakamwambia kocha palepale kwamba mtoto huyu hawataki kumwona tena katika michezo ya watoto, aondolewe kabisa. Kocha akasema wataliamua Jumamosi inayofuata, watakapokaa yeye na kocha wa wale wa kijani na refa.

Twende hospitali. Muuza spea alitoa gari lake, bila hata utani mmoja. Nilikaa mbele, wifi akatufuata kwa pikipiki. Picha ikapigwa, mfupa wa ugoko umekatika. Daktari akasema atafungwa plasta ngumu na atabaki wodini aangaliwe. Akamwona wifi mlangoni, hajui lolote, kwake ni Sista Pole tu amekuja hata siku ya mapumziko. Akamwambia kama anavyomwambia kila siku:

"Sista, mlaze kwenye kile kitanda cha dirishani."

Wifi alikuwa ameshika shuka. Akasimama nalo.

Msusi akasema, "Asimlaze yeye. Ameshamlaza mara moja leo, inatosha. Aje mwingine."

Daktari akatutazama wote, mmoja mmoja, haelewi. Wifi akaliweka shuka juu ya kitanda taratibu, akatoka. Mimi sikujua nimfuate au nibaki. Nikabaki, nikamsaidia yule sista mwingine kunyoosha pembe za shuka, ili mikono yangu iwe na kazi.

Wiki ile Gundi aliendelea kunipitia kama kawaida, lakini mkoba aliuweka chini badala ya kuutupa. Siku moja akasimama ananipa mgongo.

"Shangazi, sema neno. Kwa sauti ndogo."

"Neno gani tena?"

"Lolote. Usiniambie mapema."

Nikanong'ona, "Uzi."

"Uzi. Jingine."

"Kifungo."

"Kifungo. Nenda mbali, mpaka mlangoni."

Nikaenda mpaka mlangoni, nikadhani ni mchezo. "Sindano." Akasikia. "Mkasi." Akasikia. Akageuka, na nilipoona uso wake nikajua si mchezo.

"Labda ni nikikimbia," akasema. "Labda nikikimbia ndio hayasikii. Shangazi, masikio yanaweza kuwa mabovu ukikimbia tu?"

Mungu wangu. Nilikaa kwenye kigoda. Mtoto ameamini. Kati ya mama yake kusema uongo na masikio yake kuwa mabovu, amechagua masikio.

Jioni nilimfuata wifi jikoni kwake. Nikamwambia bila kuzunguka. Akaendelea kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Ni Jumamosi tu, wifi. Kocha atasema alisikia vibaya, watamsamehe, yataisha."

"Na yeye?"

"Mtoto husahau."

"Wifi. Mimi nilikuwepo. Nilisikia."

Akaiweka sufuria. "Najua ulisikia," akasema. "Wote mlisikia. Lakini nikilisema kwa mdomo wangu, kesho nitaingiaje wodini? Mama gani atanipa mwanawe nimchome sindano? Sista wa watoto, wifi! Sista wa watoto kamtuma mwanawe avunje mtoto wa mtu!" Na akaanza kulia, akalia hata nikasahau kwamba nilikuja nimekasirika. Nikamshika. Tukasali pale pale jikoni, lakini alipoitikia nilihisi bado hajaamua.

Kilichomfanya aamue alinisimulia mwenyewe.

Alikuwa zamu, anagawa dawa ya maji kwa kijiko, akaitwa na bwana mmoja wa chumba cha kupimia masikio, ghorofa ya chini. "Sista, shuka kidogo. Mwanao yuko hapa kwangu." Akashuka mbio. Akamkuta Gundi kwenye benchi, na sare ya shule, mkoba magotini. Alitoka shule akaja peke yake, akakaa kwenye foleni na wazee wasiosikia, zamu yake ilipofika akaingia, akasema amekuja kupimwa.

Bwana yule alikuwa ameshampima. Alimmulika ndani, akampigia kile chuma chenye ncha mbili kinachovuma, akamnong'oneza nyuma ya pazia.

"Masikio ya huyu binti ni mazima kuliko yangu," akasema anacheka. "Anasikia hata nisiyoyasema. Hebu niambie, bibie, nani alikwambia husikii?"

Gundi akasema, "Mama."

Yule bwana akaacha kucheka. Gundi akamgeukia mama yake, hana hasira, hana shutuma, anataka tu kusaidiwa. "Mama, nipime na wewe. Labda yeye amekosea."

Wifi anasema hapo ndipo alipojiona. Anasema ilikuwa kama mtu amewasha taa chooni wakati umo ndani. Alimshika mtoto mkono, akapanda naye ngazi, wakaingia wodini mchana mweupe, saa ya kutazama wagonjwa, vitanda vyote vina wageni. Wakaenda mpaka cha dirishani. Mtoto wa msusi alipomwona akavuta shuka usoni.

"Sisogei zaidi ya hapa," wifi akamwambia. "Usiogope. Nitasema nikiwa hapahapa."

Msusi hakusimama. "Sema."

"Nilisema mlaze. Sikusema ulaze. Nilisema mlaze, na nilimaanisha amwangushe mwanao. Mwanangu alisikia sawasawa, akafanya nilichomwambia. Kisha nikamsingizia masikio yake."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Sista mwenzake alisimama na sinia la dawa. Mama mmoja wa kitanda cha pili, ambaye asubuhi ile alikuwa amempa wifi mwanawe ambebe, akamvuta mtoto karibu yake. Wifi aliliona. Ananiambia hilo ndilo lililomchoma, na alijua lazima limchome.

Msusi akasema, "Mimi nilijua. Mimi pia nina masikio. Unafikiri nilikuwa nangoja kujua ulichosema? Nilikuwa nangoja uone aibu."

"Naiona."

"Kuiona kwako hakuungi mfupa."

"Najua. Sikuja unisamehe. Nimekuja huyu asikie nikilisema." Akamsogeza Gundi mbele yake. "Umesikia, mwanangu? Hukusikia vibaya. Mama alisema uongo."

Gundi alikwenda kitandani, akamwambia aliyejifunika shuka, "Mguu ulikuwa wangu lakini. Samahani." Ndani ya shuka kukatoka sauti: "Unanuka jasho." Basi. Ndiyo mazungumzo yote waliyofanya siku ile, na wifi anasema msusi alijiuma mdomo asicheke, akashindwa, kisha akalia.

Jumamosi wifi alilirudia neno lake mbele ya makocha wawili, refa na wazazi wa pande zote, katika banda la kuwekea mipira. Mimi nilikuwepo. Niliona baba na mama wengi wanatazama viatu vyao. Muuza spea akajikohoza, akasema, "Sista, angalau wewe umelisema. Mimi yangu sijui hata nianzie wapi." Hakuna aliyecheka.

Gundi hakuondolewa. Kocha alisema atakaa nje kwa muda, kwa kuwa mwenzake ameumia na hilo halifutiki. Kisha akaomba kuzungumza naye, akaniita mimi, "Shangazi, njoo ukae nasi." Tukakaa nje ya banda, mahali ambapo kila mtu anatuona. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya mtoto.

"Mtu mzima akikwambia umuumize mwenzako, utafanyaje?"

"Sijui."

"Hata akiwa mama. Hata akiwa mimi. Unasimama. Palepale ulipo, unasimama tu, hata kama wanafunga goli. Mimi sitakugombeza."

Gundi akafikiri. "Na kama umekasirika?"

"Nikikasirika ni shida yangu mimi, siyo yako."

Nilimtazama yule fundi wa mageti nikamwombea baraka kimoyomoyo.

Wodini, kwa siku kadhaa, baadhi ya akina mama waliomba sista mwingine. Wifi hakulalamika. Alifua mashuka, alipanga dawa kabatini, akangoja. Wengine wakarudi kumwita, wengine mpaka leo hawajamwita. Mtoto wa msusi aliondoka na magongo na plasta iliyochorwa maua. Mguu unapona, daktari anasema atakimbia, ila hajui lini.

Siku ya Gundi kurudi uwanjani nilipita kwao kumchukua. Alikuwa kizingitini anafunga viatu. Wifi ametoka kuoga, amevaa nguo ya kutokea, mkoba begani, lakini amesimama ndani, hajavuka mlango. Niliona alikuwa amelifanyia mazoezi swali lake.

"Unataka nije?" akamwuliza.

Gundi akavuta kamba, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Hakuwa na haraka. Nilitamani nimjibie, Mungu anajua nilivyotamani. Kisha akainua uso akamtazama mama yake moja kwa moja.

"Bado, mama."

"Haya," wifi akasema. Akavua mkoba begani, akautundika msumarini.